Radhi kwenye Kona ya Kinu

Tik-tik-tik-tik. Mlio ulianzia juu ya kijiji, mwembamba na wa haraka, kama maharage makavu yanayomwagwa kwenye sinia la bati. Ukapotea nyuma ya ukuta wa kale, ukarudi kwa nguvu, ukapita chini ya dirisha na kuteremkia bondeni.

"Watatu," alisema baba kutoka kitandani. "Yule wa mwisho mnyororo wake umekauka. Ataujutia kabla hajafika kinuni."

Hakuna aliyemjibu, maana mgeni alikuwepo. Msimamizi wa hifadhi ya kijiji cha kale, aliyemwajiri baba kufagia barabara, alikuwa amejiweka kwenye kiti cha baba, kile pekee chenye mikono katika nyumba nzima, na viatu vyake vilikuwa vimechora tope kwenye sakafu ya mawe ambayo mama alikuwa ametoka kuipiga deki. Mama alikuwa amekifuta kiti kwa aproni yake kabla mgeni hajakaa. Sasa alimenya viazi bila kuinua kichwa. Binti yao alisimama mlangoni na ufagio mkononi. Kijijini walimwita Upupu, kwa sababu tangu utotoni ukimgusa kidogo tu ulikwenda nyumbani unajikuna.

"Mzee wangu, sijaja kukuudhi," alisema Msimamizi. "Nimekuja kukuokoa. Unajua mwenyewe nyumba hii ni ya kazi. Mwenye ufagio ndiye mwenye nyumba. Na wewe sasa hivi, samahani kusema, hata chooni unapelekwa."

"Tangu juzi nakwenda mwenyewe."

"Vizuri. Nafurahi kusikia." Alipuliza chai yake. "Sasa, Jumapili klabu nzima ya baiskeli inapita. Watapanda kutoka kijiji cha chini, watapumzika hapa uwanjani, halafu watateremka mpaka kinuni. Kapteni wao ni mtu muungwana, nimeongea naye. Baiskeli yake ilivunjika vipande viwili, mzee, na baiskeli ile ukiuza nyumba hii na vyote vilivyomo hufikii hata magurudumu yake. Lakini hadai kitu. Anataka neno moja tu. Usimame mbele ya wenzake useme, niwieni radhi, nilisimama vibaya barabarani. Basi. Ukishasema, ufagio anachukua binti yako, na nyumba inabaki yenu."

"Na asiposema?" aliuliza Upupu.

"Naongea na mzee."

"Na mimi naongea na wewe."

"Wewe mtoto," mama alisema, macho yakiwa kwenye viazi.

Msimamizi alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyezoea kung'atwa na mbwa wadogo. "Asiposema, klabu itatafuta milima mingine. Iko mingi. Na mimi nitatafuta mfagiaji mwingine, naye atataka mahali pa kulala."

Neno lile, nilisimama vibaya, lilimchoma Upupu kama mwiba wa samaki. Baba yake alikuwa amesimama kwenye barabara ile maisha yake yote, na hakuna kona iliyokuwa haimjui. Mvua ikinyesha, mlima unashusha changarawe zake kwenye lami, na tairi la baiskeli ya mbio ni jembamba kama kidole. Changarawe kiganja kimoja zinatosha kumlaza mtu hospitali. Kwa hiyo kila asubuhi mzee aliteremka na ufagio wake akisafisha kona moja baada ya nyingine, mgongo ukiwa umeelekea mlimani, kwa sababu ukifagia kwenye mteremko huwezi kufagia kwa kupanda. Masikio ndiyo yaliyokuwa macho yake ya nyuma. Kila mtu kwenye mteremko hupumzisha miguu, na baiskeli iliyoachiwa kanyagio hulia yenyewe, tik-tik-tik. Baba aliusikia mlio ule kabla baiskeli haijatokea, akaingia mtaroni, akawapungia mkono wakipita.

Siku ile kwenye Kona ya Kinu, pale penye kinu cha zamani cha maji, hakusikia kitu. Kapteni alikuwa anachochea kanyagio kwenye mteremko ule ule ambapo wenzake hufunga breki, akiwania kuvunja muda wake mwenyewe, na baiskeli inayochochewa haina sauti. Alimjia mzee mgongoni kama paka. Nyonga ya baba ilivunjika. Ofisini kwa Msimamizi, Kapteni akasema alikuwa ameachia kanyagio na kushika breki tangu mbali, mzee ndiye aliyejirudisha katikati ya njia kama kipofu. Wenzake walikuwa nyuma sana, hawakuona, wakakubali. Kama baba alikuwa na kosa, lilikuwa moja tu: aliyaamini masikio yake miaka yote, na hakuwahi kufikiri kwamba mtu mwenye akili zake angechochea kwenye kona ile.

"Nitasema," alisema baba.

Msimamizi aliweka kikombe chini na kumshika mkono. Alipotoka, alimpita Upupu mlangoni bila kumtazama, na mama akachukua kitambaa akaanza kufuta tope.

*

"Umekubali kama ng'ombe," Upupu alisema jioni ile wakila. "Hata kamba hajakufunga."

"Kula," mama alisema.

"Ninakula. Ninauliza tu. Mtu amekuvunja, halafu wewe ndiye unamwomba radhi. Na baiskeli yake je, usiiombe radhi nayo? Tuikaribishe hapa mezani, tuiwekee sahani."

Baba alicheka, akashika nyonga yake kwa sababu kicheko kilimuuma. "Ikija, ikae upande wako. Mimi nimeshazoeana nayo."

"Mimi sichekeshi, baba."

"Najua. Ndiyo maana nacheka mimi." Alimega mkate akaushika tu. "Sikiliza, Upupu. Neno nitalisema litapita. Litachukua muda kidogo kuliko kupiga chafya. Halafu tutarudi humu ndani, tutafunga mlango, mama yako atabaki na jiko lake, na wewe utakuwa na kazi. Mimi nimelipima."

"Umelipima kwa mizani gani?"

"Kwa ile ya kulala kwa mjomba wako," mama akadakia. "Kwenye stoo ya mbao, pamoja na panya wake. Unawakumbuka wale panya? Wanakutazama kama wanakudai kodi. Baba yako hawezi kupanda ile ngazi. Mimi siwezi kumbeba. Wewe utambeba?"

"Nitambeba."

"Utambeba kwa mdomo. Mdomo wako una misuli."

Nje giza lilikuwa halijaingia vizuri, na upande wa pili wa bonde madirisha ya kijiji kingine cha mawe yalianza kuwaka taa. Baba akamgeukia bintiye, akauliza kwa sauti tofauti, sauti ya kazini.

"Kona ya Kinu umeiangalia? Mvua ya juzi lazima imeshusha."

"Imeshusha."

"Anza ndani, sukuma kuelekea mtaroni, halafu zibebe zote uzitupe ng'ambo ya ukuta, upande wa mto. Usiziache mtaroni. Upepo wa gari moja tu unazirudisha. Mtu akianguka kwenye kona yangu nikiwa hai, mimi sitakula."

"Umeshaniambia."

"Nakuambia tena. Sitaki wapate cha kusema."

Hilo ndilo lililomchoma Upupu kuliko yote. Mzee alikuwa tayari kujidhalilisha uwanjani mchana kweupe, lakini hakuwa tayari changarawe moja ilale vibaya kwenye kona yake.

*

Jumapili asubuhi alifagia. Alifagia kona ya juu penye lango la kale la kijiji, akafagia kona ya msonobari, akafagia zile mbili zinazofuatana ambazo wapanda baiskeli huziita Mapacha. Alitumia mkono wa kushoto, na ufagio wake ulichora kwenye lami nusu duara zilizofunguka kushoto, wakati za baba miaka yote zilifunguka kulia. Kwenye Kona ya Kinu alifanya kazi safi kuliko mahali popote. Lami ilibaki nyeusi kama sufuria iliyosuguliwa.

Lakini changarawe hakuzitupa ng'ambo ya ukuta. Alizirundika mtaroni, lundo kubwa la kukaa mtoto, akasimama akilitazama. Akajiambia amechoka, atazitupa baadaye. Moyoni alijua anajidanganya, ila hakuutaka moyo ujibu. Akaupanda mlima kwa ngazi za mawe, zile ngazi za kale ambazo wenyeji wa zamani walizikata kwenye mwamba ili wafike kinuni bila kuizunguka barabara, na mtu mwepesi alizishuka upesi kuliko gari.

*

Klabu ilifika, ikajaza uwanja mzima. Viatu vyao vilikuwa na vyuma chini, na kwenye mawe ya uwanja viligonga kama kwato za mbuzi. Walizungukazunguka wakipiga picha za kisima cha kale na za milango mifupi, wakaulizana watu wa zamani walikuwa wafupi kiasi gani. Mama aliwapa supu ya viazi kwenye vikombe. Mmoja alirudisha chake akauliza kama hakuna isiyo na chumvi. Mwanamke mmoja wa makamo, mwenye msuko wa mvi unaotokeza nyuma ya kofia yake ngumu, alikunywa yote, akafuta kikombe mwenyewe, akasema, "Asante, dada. Umenirudishia roho."

Kapteni alikuwa mrefu, miguu yake imenyolewa na kupakwa mafuta ikang'aa.

"Miguu ile hata bibi harusi hana," alinong'ona mwokaji mikate, na majirani wakaficha vicheko vyao viganjani. Upupu hakucheka.

Baba alitoka nyumbani kwa magongo. Alikuwa amevaa koti lake la kazi, amelifunga vifungo mpaka shingoni, na mama alikuwa amemchana nywele kwa maji. Watu walimpisha njia. Ule umbali kutoka mlangoni mpaka kisimani, ambao mtoto angeuruka kwa kuchezacheza, baba aliuvuka kama anavuka mto. Msimamizi alipiga makofi kutaka kimya.

"Niwieni radhi," alisema baba. "Nilisimama vibaya barabarani."

Kapteni alikuwa ameinua simu yake mbele ya uso, kisha akaishusha, akaikunjia uso.

"Samahani, mzee. Haikushika. Nilikuwa sijabonyeza." Akaifuta kioo kwa kidole. "Hebu rudia. Na usogee kidogo hapa kwenye mwanga, ili waliobaki mjini nao waone."

Mtu mmoja nyuma alikohoa. Baba alimtazama Msimamizi. Msimamizi alitazama kisima. Basi baba akasogeza gongo moja, akasogeza la pili, akaingia kwenye mwanga.

"Niwieni radhi," alisema. "Nilisimama vibaya barabarani."

Safari hii maneno yalitoka laini zaidi, bila kukwama popote, kama kazi ambayo mkono umeshaizoea. Ulaini ule ndio uliompasua Upupu. La kwanza angeweza kulimeza. La pili lilimwonyesha kwamba baba yake anaweza kulizoea.

"Yamekwisha, mzee," Kapteni alisema na kumpiga bega, gongo likayumba. "Siku nyingine uwe unaangalia tu."

"Kuanzia leo anafagia binti yake," Msimamizi alisema.

Kapteni alimtazama Upupu kuanzia miguuni kwenda juu. "Huyu? Haya. Leo nitajua kama damu ni ile ile ya kusinzia kazini."

Wachache walicheka, kile kicheko cha kumfurahisha mkubwa. Kisha wakaanza kujaza chupa zao maji, kuvaa makoti mepesi, kukagua breki. Hakuna aliyeona binti akipotea nyuma ya ukuta na ufagio wake.

*

Alizishuka ngazi mbilimbili, ufagio begani, mawe ya kale yakiwa na utelezi wa ukungu. Hakuwaza. Au aliwaza jambo moja tu, na jambo lenyewe lilikuwa tayari limeshapangwa tangu asubuhi: klabu ile ilikuwa na sheria yake, kwamba kwenye mteremko hakuna anayempita Kapteni. Yeye hutangulia, wengine hufuata. Atakayetokea wa kwanza kwenye kona atakuwa yeye.

Alifika kinuni akihema. Lundo lilikuwa palepale. Akavuta ufagio mara moja, mara mbili, mara tatu, changarawe zikalala kwenye lami upande wa ndani, pale ambapo tairi jembamba hupita. Akajificha nyuma ya ukuta wa kinu, mahali ambapo gurudumu kubwa la mbao lilisimama limeota kuvu.

Akasikiliza. Juu kabisa, penye Mapacha, mlio ulianza: tik-tik-tik, baiskeli nyingi, mvua ya milio. Lakini mbele yao, upande wa karibu, hakukuwa na kitu. Kimya kitupu. Kisha kwenye mdomo wa kona Kapteni akatokea, kichwa kimeinama, magoti yanapanda na kushuka, anachochea. Hakuna mlio. Kama siku ile.

Ndiwe wewe, Upupu alisema moyoni. Sasa nimekuona kwa macho yangu.

Tairi la nyuma liligusa changarawe na likamkimbia. Alilala ubavu, akateleza kwenye lami, nguo ikachanika kwa sauti ndefu, akaishia kwenye majani chini ya ukuta wa kinu. Baiskeli ilizunguka peke yake, ikagonga jiwe, ikatulia. Kapteni alikaa kitako. Paja lake lilikuwa limechunika kutoka nyongani mpaka karibu na goti, na suruali ilikuwa imefunguka ikaonyesha nusu ya makalio meupe. Upupu aliuona utamu ukimpanda kifuani, mtamu kuliko alivyotegemea. Alitaka kuukalia, aumung'unye polepole.

Hakupata muda. Mlio wa pili ulikuwa umeshafika. Alikuwa yule mwanamke mwenye msuko wa mvi. Alimwona Kapteni chini kabla hajaziona changarawe, akapinda kumkwepa, akafunga breki katikati ya changarawe zenyewe. Baiskeli haikusimama. Ilimpeleka moja kwa moja ng'ambo ya barabara, kwenye ule ukuta mfupi wa mawe unaolinda bonde. Gurudumu la mbele liligonga ukuta, naye akarushwa kifua juu ya mawe, mikono na kichwa vikining'inia upande wa pili. Chini yake, mbali, mto ulikuwa unakatiza kati ya miamba.

Upupu alikuwa ameshatoka mafichoni. Hakukumbuka kuamua kutoka. Alimkamata mwanamke kwa nguo mgongoni, akamvuta kwa nguvu zote, wakaanguka pamoja lamini. Kisha akainuka akaupunga ufagio juu kwa waliokuwa wanakuja. "Simameni, simameni, kona mbovu." Wakafunga breki mmoja baada ya mwingine, wakasimama.

Mwanamke alikaa akijishika kifua. Mikono ilimtetemeka kama ya mtu mwenye homa. Na wote sasa walikuwa wanamtazama binti aliyetoka nyuma ya kinu na ufagio.

*

Msimamizi alifika kwa pikipiki yake. Baadaye kidogo, kutoka juu ya ngazi, baba alionekana akishuka kwa makalio, jiwe moja baada ya jingine, magongo yakiwa mapajani, na mama nyuma amemshika kola ya koti asiporomoke. Kishindo cha chuma walikisikia mpaka nyumbani.

"Mmeona wenyewe," Kapteni alikuwa anasema, mtu mmoja akimfunga jeraha, mwingine akiwa amemfunika nyuma kwa koti. "Si nilisema? Familia ya wazembe. Barabara haijaguswa leo. Baba anasimama njiani, mtoto hafagii."

"Mzee," Msimamizi alisema, uso umemwiva, "si uliniambia binti anaijua kazi? Hizi changarawe zimetoka wapi?"

Baba alisimama kwa magongo yake akaitazama kona. Upupu aliona macho yake yakifuata mistari ya ufagio kwenye lami, zile nusu duara zilizofunguka kushoto, safari hii zikitoka mtaroni kuingia njiani. Akaona yamefika mwisho, yakatulia. Mzee alijua. Uso wake ulizeeka palepale, bila kelele.

"Ni mimi," baba alisema. "Sikumfundisha vizuri. Mvua imeshusha, na sikumwambia aziondoe mtaroni. Niwieni ra—"

"Baba," Upupu alisema. "Usiombe radhi tena leo. Zimekutosha."

Akatembea mpaka katikati ya barabara ili kila mtu amwone.

"Kona ilikuwa safi asubuhi. Baba yangu alinifundisha vizuri sana. Changarawe nimezirudisha mimi kwa mkono wangu, baada ya lile la uwanjani. Nilimkusudia Kapteni. Yeye alimvunja baba yangu bila kukusudia, akadanganya. Mimi nimekusudia, na nasema."

Mama alijishika mdomo. Mwokaji mikate, aliyekuwa ameshuka nyuma yao, alisema taratibu, "Lo, tumekwisha."

"Mmemsikia," Kapteni alisema. "Mmemsikia wote. Hiyo ni kesi. Waitwe polisi sasa hivi."

"Waite," Upupu alisema. "Nitawaeleza ya leo, na nitawaeleza ya siku ile. Wewe uwaeleze miguu yako ilikuwa inafanya nini."

Kapteni akaanza kuhangaika na kitambaa cha jeraha lake, ambacho kilikuwa kimekaa sawasawa.

Baba akamgeukia bintiye. Hakupaza sauti. "Upupu. Huyu mama alikukosea nini?"

Swali lile lilimpata pasipo na ngao. Alikwenda mpaka alipokaa yule mwanamke mwenye msuko wa mvi, akachuchumaa mbele yake, na ufagio akauweka chini.

"Sikukufikiria," alisema. "Nilimfikiria yeye tu, nikawasahau nyote mliokuwa nyuma yake. Ungekufa kwa ajili ya hasira yangu. Naomba radhi, mama."

Mwanamke alimtazama. "Nimekusikia," alisema. "Sijasema nimekusamehe. Kwanza hii mikono itulie." Akakunja viganja, akavikunjua. Kisha akageuza kichwa. "Kapteni."

"Naam."

"Nilikuwa nyuma yako tangu langoni. Hukuachia kanyagio hata mara moja. Siku ile ulituambia uliachia, ukashika breki tangu mbali."

"Siku ile ni siku ile."

"Ndiyo ninayoiuliza."

"Nimesema siku ile ni siku ile," Kapteni alirudia, na safari hii maneno hayakutoka laini. Wenzake walitazama chini, wengine wakashughulika na minyororo yao. Hakuna aliyecheka kumfurahisha.

Msimamizi aliona mambo yanamponyoka, akaingia katikati na mikono yake miwili imenyanyuliwa kama anatuliza punda. "Basi, basi. Tusiharibu siku. Polisi wa nini, sisi ni watu wazima. Binti amekosa, amekiri, amemwomba mama huyu radhi. Sasa amwombe na Kapteni, hapa, mbele ya wote, yaishe. Akimwomba, mimi suala la nyumba nitalifikiria upya. Asipomwomba, mzigo wenu uwe nje wiki hii."

"Mwombe, mwanangu," mama alisema. Sauti ilimkatika. "Ni neno tu. Mwombe twende nyumbani."

Upupu alimtazama baba. Alitegemea kukuta hasira, na hasira ilikuwepo. Mzee alikuwa bado anaitazama lami iliyochafuliwa kama mtu anayetazama nguo yake ya harusi imemwagiwa mafuta. Lakini alitikisa kichwa kumwelekea mkewe.

"Mwache," alisema. "Mimi niliomba la uongo mara mbili, sikupata hata nusu ya nilichokifikiri. Yeye aombe la kweli au asiombe."

Akajivuta mpaka kwenye ufagio uliolala chini. Kuinama hakuweza. Akausukuma kwa ncha ya gongo mpaka ukagusa mguu wa bintiye.

"Kwanza safisha kona yangu," alisema.

Alisafisha wakiwa wanatazama. Alianza ndani, akasukuma kuelekea mtaroni, akazibeba changarawe kwa mikono na kuzitupa ng'ambo ya ukuta, mchoto baada ya mchoto, na kila mara zilichukua muda kabla ya kusikika chini mtoni. Hakuna aliyemsaidia, naye hakutaka. Alipomaliza, viganja vimechunika, alirudi mpaka mbele ya Kapteni, akasimama karibu kiasi cha kumlazimu ainue kichwa kutoka kwenye majani alipokaa.

"Radhi yako ninayo," alimwambia. "Nakudai na unanidai. Siku utakayosimama hapa umwombe baba yangu, kwa sauti ya kusikika, bila simu, siku hiyo hiyo nitakuomba na mimi, na nitapiga magoti. Kabla ya hapo hutaipata. Nyumba wachukue, tutalala kwa mjomba na panya wake. Ila barabara hii haiwi ya mtu. Nitaifagia kwa mshahara au bila mshahara, na kila utakapopita utanikuta kwenye kona hii, na utaikuta safi, hata punje moja sitaiacha. Nakuahidi mbele ya wenzako. Ukianguka tena, Kapteni, hutakuwa na wa kumsingizia."